Chai kunywa, mkate kula: Kichina cha bibi wa Linxia

Asubuhi ya Idd el Fitr nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, nyumbani kwa rafiki yangu wa Kihui, yani wale Waislamu wa China wanaoongea Kichina, huko Linxia, mkoa wa Gansu, kaskazini magharibi mwa China. Mbele yangu kuna kikombe chenye kifuniko na kisahani, ndani majani ya chai, tende za Kichina na sukari ya mawe, pembeni sinia la youxiang, ule mkate wa kukaanga kwenye mafuta ambao Wahui hawawezi kula Idd bila huo. Bibi yake rafiki yangu akaniangalia akaona sijagusa kitu akanisogezea sinia akasema, taratibu kabisa ili nimwelewe: cha he, momo chi.

Maneno yote manne nilikuwa nayajua. Cha ni chai, he ni kunywa, momo ni mkate, chi ni kula. Lakini aisee nilibaki nimemkodolea macho, kwa sababu mwaka mzima wa kozi ya lugha pale Lanzhou, mji mkuu wa Gansu, nilifundishwa kwamba Kichina kinaenda kama Kiswahili, mtendaji, kitenzi, halafu kitu chenyewe, he cha, kunywa chai. Bibi anasema chai kunywa, mkate kula. Nikadhani labda ananirahisishia kama watu wanavyomrahisishia mgeni. Kumbe wapi, alipogeuka kuongea na mjukuu wake ndo ikawa hivyo hivyo kwa kasi, kila sentensi kitenzi kinakuja mwisho, na katikati kuna vijineno vya ha na lia ambavyo sikuwahi kuviona kwenye kitabu chochote cha kozi.

Rafiki yangu aliona aibu. Akaniambia kwa Putonghua, kile Kichina rasmi cha shule, nisimjali bibi, hajasoma, Kichina chake kibovu. Na hili neno kibovu hakulitoa hewani. Chuoni kwetu kulikuwa na mwalimu, mtu mwema tu kwa mengine yote, ambaye kila huyu rafiki yangu alipoteleza akaweka kitenzi mwisho darasa zima lilicheka na yeye anacheka nao. Mara mbili nimeshuhudia kwa macho yangu. Mara ya pili jamaa hakuongea tena darasani mpaka muhula ukaisha.

Mimi hilo neno linanigusa sana. Nimekulia Ujiji na bibi yangu mzaa mama alitokea ng'ambo ya ziwa, Uvira, akaja na Kiswahili chake cha Kongo, anasema batoto banalia, anasema kitabu yangu, na sisi wajukuu tuliotoka shule tunamrekebisha, bibi siyo batoto ni watoto, siyo kitabu yangu ni kitabu changu. Amefariki tukiwa bado tunamrekebisha. Hakuna aliyetuambia kwamba ile ba- ni Kibantu kikongwe kabisa na lugha chungu nzima za Kongo zinayo mpaka kesho, na kwamba kile Kiswahili kilipita kwa watu wenye lugha zao nyumbani wakakiweka kwenye mwendo wao. Kwa hiyo pale Linxia nilivyosikia kibovu nikasema hapana, ngoja nisikilize vizuri.

Nikakaa siku nne. Niliporudi Lanzhou nikaanza kutafuta na kusoma, na mpaka leo sijaacha.

Tuanze na ha. Kichina rasmi hakina kiambishi cha kuonyesha nani katenda na nani katendwa, unajua kwa mpangilio tu, aliyetangulia kitenzi ndiye mtendaji na anayefuata katendwa. Sasa ukishavuta kila kitu ukakiweka mbele ya kitenzi utajuaje nani kamng'ata nani? Linxia wanamgongea ha yule aliyetendwa. Nyama ikiwa ndiyo inaliwa inakuwa rou ha, halafu chi. Ukimpa mtu kitu, yule mpokeaji naye anapata ha yake. Ni kazi inayokaribiana na ya ile -m- yetu kwenye nimemwona au nimempa, sema sisi tunaichomeka ndani ya kitenzi, wao wanaibandika nyuma ya jina. Na imeshazeeka mpaka imeanza kumezwa: mimi kwao ni nge, lakini nge akitendwa, nge na ha vinayeyuka vinakuwa nga. Mbwa kaning'ata wanasema gou nga yao liao, mbwa, mimi-niliyetendwa, ng'ata, kwisha. Yani neno moja linabadilika irabu kulingana na kazi yake kwenye sentensi, kitu ambacho vitabu vingi vitakwambia Kichina hakina kabisa.

Halafu kuna lia, na hii ndiyo iliyonimaliza. Kwa asili ni wawili, lile neno la kawaida la Kichina la kusema watu wawili. Lakini Linxia lia ni "pamoja na", na zaidi ya hapo ni "kwa" ile ya kifaa. Ukiandika kwa brashi unasema brashi lia andika, ukikata kwa kisu ni kisu lia kata. Fikiria ilivyotembea: mwanzo mtu anasema baba mtoto wawili walienda sokoni, ukiisikia mara elfu moja masikio yanaanza kuichukua kama baba alienda na mtoto, lile wawili linaacha kuhesabu linaanza kuunganisha, na likishakuwa "na" basi kufika kwenye kisu ni hatua moja, kwa sababu nimekata na kisu na nimekata kwa kisu hata sisi mtaani hatutofautishi. Hii njia hata ungeniwekea bunduki nisingeibuni.

Swali ni kwa nini pale na siyo Beijing. Ukiangalia ramani unapata jibu. Linxia, ambayo jina lake la zamani ni Hezhou na watu wanaiita Makka Ndogo ya China, imekaa mahali ambapo uwanda wa juu wa Tibet unakutana na milima ya udongo wa njano, na njia za misafara zilipita hapo. Upande mmoja wako Wadongxiang na Wabonan ambao lugha zao ni za ukoo wa Kimongolia. Ukienda Xunhua, mkoa jirani wa Qinghai, unawakuta Wasalar ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kituruki, mababu zao kwa simulizi yao wenyewe walitoka pande za Samarkand. Juu kidogo ni Watibeti wa Amdo. Hizi lugha zote, pamoja na kwamba hazina undugu wote kwa wote, zina tabia moja, kitenzi mwisho na viambishi vya kazi nyuma ya jina. Kichina kilivyoingia hapo kikazungukwa.

Na Wahui wenyewe mababu zao wengi walitoka Asia ya Kati na Uajemi. Mpaka leo bibi anaita swala naimazi, imamu ni ahong, rafiki ni dosti, yote Kiajemi. Nilivyoingia nikasema asalaam aleikum aliniitikia huku ananishika mikono yote miwili, na kuanzia hapo mimi nikawa gawa, yani kijana mdogo, neno la kwao hilo, ga ni dogo.

Mwaka 1988 wanaisimu wawili wa Marekani, Sarah Thomason na Terrence Kaufman, walitoa kitabu ambacho kilinifungua macho kwenye jambo hili. Wanasema kuna njia mbili. Ya kwanza watu wanabaki na lugha yao ila wanachukua vitu vya wenzao, hapo yanayotangulia kuingia ni maneno, na mifupa ya lugha inabaki ileile mpaka muingiliano uwe mzito sana. Ya pili watu wanahama, wanaiacha lugha yao wanaichukua ya wenzao, na wakiwa wengi na wamejifunza ukubwani basi wanakuja na sauti zao na mpangilio wao wa sentensi, maneno wanayachukua mapya lakini wanayapanga kwa mazoea ya nyumbani.

Kiswahili kwa sehemu kubwa ni ile ya kwanza. Tumechukua Kiarabu kwa magunia, mpaka vile vineno vya kuunganishia, lakini, au, wala, hata, kabla, baada, sababu, huwezi kuongea dakika mbili bila hivyo, ila ngeli ni zetu, kitenzi na viambishi vyake ni Kibantu kuanzia juu mpaka chini. Linxia ni ile ya pili. Maneno karibu yote ni Kichina, mtu wa Beijing ukimwandikia sentensi atayatambua, lakini anayeyapanga ni mtu ambaye bibi wa bibi wa bibi yake aliongea kitu kingine nyumbani. Kwa hiyo bibi akisema chai kunywa hajakosea. Anaongea Kichina kwa sarufi waliyomwachia wazee wake, na hao wazee hakuna aliyeandika majina yao popote.

Karibu na hapo, ndani ya wilaya ya Dongxiang, kuna mji mdogo unaitwa Tangwang, jina limetokana na koo mbili, Tang na Wang. Wamezungukwa na Wadongxiang pande zote na Kichina chao kimeshika viambishi vya aina hiyohiyo, mwanaisimu Xu Dan amewafanyia kazi kubwa. Sijafika huko.

Nilikofika ni Wutun. Hiki ni kisa kingine kabisa jamani. Wutun ni vijiji vichache tu kwenye bonde la Tongren, Qinghai, wasemaji kama 4,000 hivi, na umaarufu wao ni uchoraji wa thangka, zile picha za Kibudha kwenye kitambaa, sanaa ya bonde lile UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake mwaka 2009. Unaingia kwenye ua wa nyumba unakuta wanaume wamekaa chini mbele ya turubai iliyovutwa kwenye fremu ya mbao, brashi ina nywele chache sana, wanachora ukucha wa Buddha mmoja kwa muda ambao mimi ningepika chakula nikala nikaosha vyombo. Na wanapiga stori. Nilikuwa na miaka miwili na nusu ya Kichina wakati huo na sikuambulia kitu. Nilidhani ni Kitibeti. Mtibeti tuliyekuwa naye kwenye gari naye hakuambulia.

Lugha yao kwa maneno ya msingi ni Kichina. Toni, ule mpando na mshuko wa sauti unaobadilisha maana ya neno, imepotea yote, na toni ndiyo kitu cha kwanza ambacho kila anayejifunza Kichina analia nacho, wao wameitupa. Ha ya Linxia wanayo, na ile "wawili" iliyogeuka "pamoja na" wanayo pia, kwao ni liangge. Lakini kilichonifanya nikose usingizi ni jinsi wanavyomaliza sentensi. Kwa Kiwutun kila ukisema jambo inabidi umalizie kwa kuonyesha umelijuaje. Jambo langu mwenyewe, nalijua kutoka ndani, linaishia na yek. Kitu nilichokiona au kukihisi kwa nje, au nimekisia kutokana na nilichokiona, ni li. Na jambo la ukweli wa jumla linachukua re, na hii re wameitoa moja kwa moja kwenye Kitibeti cha Amdo. Siwezi kusema mtoto wa jirani anaumwa kwa namna ileile ninayosema mimi naumwa, sarufi yenyewe inanizuia, inaniambia wewe hujui maumivu yake, umeyaona tu. Kitibeti cha Amdo kinafanya hivyo, na hawa watu waliochukua maneno ya Kichina hawakukubali kuuacha huo utaratibu. Erika Sandman wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliandika sarufi nzima ya Kiwutun mwaka 2016, niliisoma kwenye treni kutoka Xining kwenda Lanzhou na nikapitiliza kituo.

Sasa mtu atasema hayo ni mambo ya pembezoni, milimani huko, Kichina chenyewe kiko salama. Hapana. Mwaka 1271 Kublai Khan alitangaza nasaba ya Yuan, Wamongolia wakatawala China mpaka 1368, na amri za wafalme zilikuwa zinatolewa Kimongolia halafu zinatafsiriwa. Watafsiri hawakuthubutu kugusa mpangilio wa maneno ya Khan. Mahekalu yalichonga hizo amri kwenye mawe na mawe mengine yapo mpaka leo, yanaanza na changsheng tian qili li, Mbingu ya Milele nguvu-ndani, yani kwa nguvu ya Mbingu ya Milele. Kichina cha kawaida kingetanguliza neno la "kwa". Wao wamechukua li, ambayo maana yake ni ndani, wakaibandika nyuma kwa sababu Kimongolia kilikuwa na kiambishi kinachofanya hiyo kazi hapo hapo. Na haikuishia kwenye mawe. Mwaka 1998 huko Daegu, Korea, lilipatikana toleo la zamani la Lao Qida, kitabu cha kufundishia Wakorea Kichina cha kuongea, wafanyabiashara wanaswaga farasi kwenda mji mkuu huku wanaongea habari za bei na malazi, na mle ndani sentensi zinaishia na you, neno la "kuwa na", kwa mtindo wa Kimongolia wa kitenzi mwisho, kwa namna ambayo matoleo ya baadaye yaliifuta. Ina maana hicho ndicho Kichina ambacho mfanyabiashara mgeni alikuwa anafundishwa ili aeleweke barabarani.

Nikikumbuka yule mwalimu aliyecheka darasani nakumbuka na kitu kingine. Kila asubuhi alikuwa anafungua kipindi kwa kusema zanmen kaishi ba, haya tuanze. Zanmen ni sisi pamoja na wewe ninayeongea nawe. Kuna women pia, ambayo kwa mtu wa Beijing mara nyingi ni sisi bila wewe. Kichina cha kale hakikuwa na huo mgawanyo, umeingia kaskazini katika zile karne ambazo Wakhitan, Wajurchen na Wamongolia walitawala huko, na wanaisimu wengi wanaona mkono wao humo. Kwa hiyo mdomo uleule uliomcheka kijana wa Linxia ulikuwa unafungua kipindi kwa kitu ambacho huenda kilikuja na wapanda farasi wa nyika. Natamani ningelijua hilo siku ile nikanyoosha mkono.

Kusini nako, nilikuja kuishi Guangzhou miezi saba, na pale Xiaobei unakutana na Watanzania wa mzigo kila kona, Kiswahili kinaongelewa kwenye lifti. Dada mmoja wa Kariakoo aliyekuwa ananunua vitenge na mabegi alikuwa anaongea Kichina cha sokoni vizuri kunishinda mimi wa chuo, na alikuwa anaaga kwa kusema wo zou xian, mimi naondoka kwanza. Nikamwambia dada hiyo siyo, ni wo xian zou, kwanza inatangulia. Nikamrekebisha, mimi, baada ya yote ya Linxia. Akanijibu, mdogo wangu, hapa kila mtu anasema hivyo. Na kweli. Kikantoni kinasema ngo haang sin, mimi kutembea kwanza, na Wakantoni wakihamia Putonghua wanahama nayo. Kizhuang, lugha ya watu zaidi ya milioni 16 ambao wengi wako mkoa jirani wa Guangxi, kinasema bae gonq, enda kwanza. Kithai ni pai kon, vilevile. Jogoo kwa Kichina cha kaskazini ni gongji, dume-kuku, kwa Kikantoni ni gai gung, kuku-dume, kama sisi tu, sifa inafuata jina, na lugha za ukoo wa Kithai ndivyo zinavyopanga. Mwanaisimu wa Kijapani, Mantaro Hashimoto, miaka ya 1970 na 1980 alisema wazi kwamba Kichina kimevutwa pande mbili, kaskazini kimevutwa na lugha za nyika na kusini na jamaa za Kithai. Wako waliompinga kwenye hili na lile, lakini mimi niliyekula Idd Linxia nikaagana na watu Xiaobei siwezi kumpinga kwenye msingi.

Kule Taiwan wanauliza ni you chi ma, wewe kuwa-na kula je, kwa maana ya je umekula, kwa sababu Kimin cha kusini, Kichina cha nyumbani kwa wengi huko, kinaweka "kuwa na" mbele ya kitenzi. Hata vijana wa bara siku hizi wanaipenda kwenye chati.

Rafiki yangu wa Linxia sasa ana mtoto wa miaka mitano, wanaishi Lanzhou, nyumbani Putonghua tupu. Mtoto akienda kwa bibi likizo anamrekebisha, siyo cha he, ni he cha. Rafiki yangu alinitumia voisi akaniambia hilo, na sauti yake haikuwa ya kucheka, akanyamaza kidogo halafu akasema, kaka, yule mtoto anaongea kama darasa lile. Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Linxia akamkalisha bibi karibu na jiko na simu mkononi, akamwambia asimulie alivyoolewa. Dakika arobaini na tatu. Akanitumia faili lote, tunaliandika pamoja jioni, yeye upande wake mimi upande wangu, sentensi kwa sentensi.

Tumefika dakika ya kumi na moja na tumekwama. Bibi anaeleza siku aliyochukuliwa kwao, ni nani alikuja kumchukua, na anasema gege lia lai liao. Gege ni kaka. Rafiki yangu anasema hapo maana yake walikuja makaka wawili. Mimi nasikia bwana harusi mwenyewe alikuja na kaka yake. Tumeirudia labda mara thelathini. Keshokutwa anaenda kumuuliza, ila ameniambia anaogopa kwamba bibi ataisema vilevile tena, gege lia lai liao, na atatushangaa tunauliza nini.